Rejeta Iliyonyweshwa Madafu

Hadi leo watu huja kuniuliza dawa ya kusafishia rejeta. Huja na gari linalochemka, wamekwisha kumuuliza kila mtu njiani, na kila mtu amewapa dawa yake: huyu sabuni ya kipande, huyu majivu, huyu mafuta ya taa. Mimi huwauliza swali moja tu, nalo huwachosha. Gari hili limekuwa likinywa maji gani? Hawataki kulijibu. Wanataka kopo la dawa. Nami nimechoka kueleza kwamba dawa huchaguliwa kwa kuutazama uchafu, na kwamba anayeanza na dawa kabla ya uchafu anacheza kamari na mali yake.

Haya sikuambiwa na mtu barabarani. Niliondoka kwetu Junda, Kisauni, nikiwa mchochea makaa melini, sina hata viatu vya kubadilisha. Nikashukia Bombei, nikapata kazi karakanani mchana, na jioni nikakaa darasani na vijana wa Kihindi walionicheka Kiingereza changu mpaka siku ya mtihani, kisha wakaacha kucheka. Sikupelekwa na serikali wala misheni, wala sikuwa na mjomba mwenye duka. Vita vilipokwisha nilirudi na diploma ya ufundi wa magari, yenye muhuri, na sikumjua mtu mwingine wa Kisauni aliyekuwa nayo. Nilipata kazi katika karakana moja Changamwe, nikawa fundi ambaye wengine walisubiri aseme kwanza. Nikanunua gari langu mwenyewe, gari la boksi jeusi lililokuwa la ofisa mmoja aliyerudi kwao. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yana uzito katika jambo ninalolikumbuka.

Gari hilo nilimpa shemegi yangu, mume wa dada yangu, aliendeshe. Mimi nililala Changamwe siku za kazi, nikaja Junda mwisho wa juma. Yeye alichukua abiria na makanda ya samaki kutoka kivuko cha Mtwapa hadi Kisauni, akirudi na wake za watu na magunia ya mchele. Alikuwa dereva mzuri, mwenye maneno mengi kuliko abiria wake wote. Gari lilikuwa limeanza kuchemka, akaniambia ni jua. Mimi nikamwambia jua halikuanza mwaka huo.

Ijumaa moja nilikuwa nyumbani kwa ruhusa. Asubuhi akaja mjumbe kutoka Mazeras, amepanda treni ya alfajiri na kutembea toka mjini hadi kwetu. Alimwamkia mama, akakaa, akakataa chai, tukajua. Mama mkubwa, dada yake mama wa tumbo moja, hawezi kumeza tena. Anauliza kama ndugu yake atakuja.

Mama alikuwa amekaa juu ya kitanda chake karibu na mlango, mahali alipokaa tangu alipoanguka kisimani akavunjika nyonga. Hakulia. Aliniita.

"Labeka, mama."

"Nipeleke."

Sikuwa na haja ya kuuliza kwa nini sauti yake ilikuwa vile. Ndugu wale wawili hawakuwa wamesemezana tangu nilipoondoka kwenda baharini. Siku ile niliyoondoka walitupiana maneno. Neno la mama mkubwa nililijua, maana alilisema mbele ya watu: kwamba mama ameniuza kwa bahari. Neno alilojibiwa sikulijua. Mama hakulisema tena, na dada yangu aliyelisikia alikataa kunitajia. Nilijua tu kwamba mama alitaka kumwomba nduguye radhi kwa neno hilo kabla mauti hayajamtangulia, na kwamba kwetu radhi huombwa kwa kinywa na hutolewa kwa kinywa. Hakuna wa kukuombea.

Treni ilikuwapo, lakini ngazi za behewa asingezipanda. Na kutoka stesheni ya Mazeras hadi kwa mama mkubwa ni njia ya mawe na mashimo, teksi za mjini zilikuwa zikiikataa. Mjumbe akasema vijana wanaweza kuja na kitanda wambebe kutoka stesheni.

"Nitabebwa juu ya kitanda siku moja tu," mama akasema, "na siku hiyo sitakuwa na la kusema. Leo ninalo."

Basi lilibaki gari langu. Nikatoka nje kulitazama, shemegi nyuma yangu. Kutoka Kisauni unavuka daraja la Nyali, unapita kisiwani, unatokea Makupa, Changamwe, Miritini, na mpaka hapo njia ni ya kawaida. Baada ya hapo unapanda. Mlima ule wa Mazeras ulikuwa ukiyachemsha hata magari mapya, na letu siku mbili nyuma lilikuwa limechemka palipo sawa kama meza.

Nilifungua kifuniko cha rejeta nikainama. Nilitarajia harufu ya kutu na chokaa. Nikapata harufu ya halua iliyoungua.

Niliingiza kijiti. Kilitoka na utomvu mweusi unaovutika.

"Shemegi," nikasema, "umetia nini humu?"

"Maji."

"Maji gani?"

Akatazama minazi ya jirani kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. "Wewe wajua maji ya visima vya kule Mtwapa. Chumvi tupu. Ukiyatia kwenye birika la chai, birika laota mawe. Sasa mimi niitilie injini ya watu maji yale? Nikaona dafu ni maji aliyoyachuja Mungu mwenyewe. Hayana mchanga, hayana chumvi, hayana mkono wa mtu."

"Ukatia madafu."

"Nimelinywesha gari lako kinywaji nisichompa dada yako. Na huna hata shukrani."

Dada yangu, aliyekuwa akipepeta mchele kibarazani, akasema, "Hilo ni kweli wallahi. Mimi hunipa makumbi."

Nilicheka, sina budi kusema, ingawa sikuwa na hamu ya kucheka. Halafu nikaketi juu ya kopo nikafikiri, kwa maana sasa nilijua uchafu. Ulikuwa wa namna mbili. Chini kabisa, juu ya shaba, chokaa ya visima vyetu, ambavyo vimechimbwa ndani ya mawe ya matumbawe na kila tone lake lina mawe ndani. Juu ya chokaa, sukari ya madafu iliyopikwa siku baada ya siku mpaka ikawa gundi. Dawa ilayo chokaa haiwezi kuifikia chokaa ile kabla gundi haijaondoka, na dawa ya gundi haiigusi chokaa.

Shemegi yeye alikwisha kuchagua. "Maji ya betri," akasema. "Yule dereva wa lori la mawe alitia, yakatoka povu kama Bahari Hindi, saa moja tu, rejeta nyeupe. Tuko Mazeras kabla ya magharibi."

"Na lori lenyewe liko wapi sasa?"

"Lori ni la Mhindi. Aliliuza."

Nilimweleza, na namweleza msomaji pia, maana wapo hata leo wanaofanya hivyo. Asidi ya betri ikikutana na chokaa povu hutoka kweli, na mtu hufurahi. Lakini chokaa ile haiondoki, inageuka jasi, na jasi haiyeyuki, inakaa ndani ya vijibomba vyembamba kama plasta ukutani. Na inapokuwa ikifanya hivyo inakula chuma cha injini, na inaila lehemu inayoshika rejeta. Rejeta yaweza kuonekana nzima ikiwa baridi, kisha ikapasuka mlimani maji yanapopata moto. Lilikuwapo pia kopo la dawa katika maduka ya magari kisiwani, zuri kwa magari mengine, lakini ndani yake mna soda kali, na kichwa cha injini ile kilikuwa cha alumini. Soda kali hula alumini kama mchwa mti. Mchuuzi asingeniambia hivyo. Aliyenifundisha ni mwalimu wangu wa Bombei, aliyekitumbukiza kijiko cha alumini ndani ya bilauri ya soda hiyo akatuacha tukitazame mpaka mwisho wa somo.

Lililobaki ni magadi ya kupikia, kwa kiasi, na maji ya moto, kuondoa gundi. Halafu kuosha. Halafu siki kwa chokaa, siki ya moto kidogo, ilale ndani mpaka asubuhi. Halafu kuosha tena.

"Siki gani?" shemegi akauliza.

"Ya mnazi. Wagema wa Mwakirunge wanayo, tembo lililochacha kabisa. Nataka debe zima."

Alinikazia macho. "Ngoja. Dafu halifai, ni uchafu, nimeliharibu gari la watu. Lakini siki ya mnazi ni dawa. Mti ni huo huo mmoja, bwana fundi. Hiyo diploma yako imesemaje juu ya mnazi?"

"Imesema dafu lina sukari na siki haina."

"Imesema uongo. Imesema tu kile nilichofanya mimi ni kibaya na utakachofanya wewe ni kizuri."

Mama alikuwa akitusikia. Mlango ulikuwa wazi. Akaniita tena, nikaingia.

"Kwa hiyo siki yako, tutafika lini?"

"Kesho, mama. Alasiri, inshallah."

"Na kwa hiyo ya huyu?"

"Ya huyu hatutafika."

"Yeye asema leo."

"Yeye hajui."

Alikuwa na tabia ya kuukunja upindo wa kanga kidoleni, akaukunja, akaukunjua. "Mimi nataka leo," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba maji.

Ningeweza kumtii. Mtu mwingine, asiyejua, angemtii, na watu wangemsifu kwamba ni mtoto mwema. Lakini kujua ni mzigo, huwezi kuutua kwa sababu mama yako amekuomba. Nilimwambia kwamba tukitoka leo na rejeta ile, ama kama ilivyo, ama imelishwa asidi, tutakwama baina ya Miritini na Mazeras jua likizama, yeye akiwa na nyonga ile, na hatafika leo wala kesho. Nilimwambia kwamba njia yangu ndiyo ya kufika.

"Wewe ndiwe uliyesoma," akasema, akaugeukia ukuta.

Basi tukafanya kazi. Shemegi alikwenda Mwakirunge kwa baiskeli, akinung'unika, akarudi na debe limefungwa nyuma, siki imemmwagikia suruali mpaka mbwa wa mtaa wakamkimbia. Wakati huo mimi nilikwisha kuyeyusha magadi katika maji ya moto na kuyatia, nikawasha injini, nikaifunika rejeta kwa gunia ipate moto haraka. Nilipofungua bomba la chini yalitoka maji meusi mazito kama kahawa tungu, yakinukia halua mpaka jirani akachungulia. Nikatia tena, nikatoa tena. Mara ya mwisho yalitoka rangi ya chai. Nikaosha kwa maji ya mfereji, tuliyoyabeba kwa madebe kutoka mbali, kwa maana kuosha kwa maji ya kisima ni kurudisha chokaa kwa mkono wa kushoto. Halafu siki, iliyochujwa kwa kitambaa cha marikani mara mbili. Ikaanza kuchemka yenyewe ndani kwa sauti ndogo, kama mtu anayenong'ona, na nikajua imeifikia chokaa.

Mikono yangu ilikuwa imechubuka. Mgongo uliniuma. Nilikwenda kumwambia mama kwamba kazi inakwenda vizuri sana, vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Alhamdulillahi," akasema, bado kauelekea ukuta.

Kesho yake nilitoa siki, nayo ilitoka nyeupe ya maziwa, chokaa tupu. Nikaosha mpaka maji yakaingia na kutoka na rangi ile ile. Mama akasema tuchukue maji ya mvua katika mtungi wake wa ndani, ambayo hakuwa akimpa mtu, na kwa hayo nikajaza. Baada ya adhuhuri tulimlaza kiti cha nyuma, dada yangu akampakata kichwa, shemegi akakaa mbele na mimi nikaendesha. Mjumbe alikwisha kurudi kwa treni tangu jana yake, kutangulia kusema tunakuja na gari.

Sitaisahau safari ile kwa upande wa injini. Lilivuka daraja, likapita Changamwe mbele ya karakana yangu, likaukabili mlima kwa gia ya pili. Malori mawili yalikuwa yamesimama pembeni, boneti wazi, mvuke juu yake kama jiko la harusi. Sisi tuliyapita. Shemegi alitoa mkono dirishani akawapungia madereva, na mmoja akauliza kwa sauti tunalinywesha nini gari hilo.

"Siki," shemegi akamjibu. "Lakini kwanza lazima uwe na diploma."

Juu kabisa nilisimama nikaweka kiganja juu ya rejeta. Ilikuwa ya moto wa kawaida, mtu aweza kuishika. Hakuna fundi katika karakana yetu ambaye angeifanya kazi ile, kwa dawa za jikoni, ikasimama hivyo. Nilisema hivyo wakati ule na nasema hivyo sasa.

Baba mkubwa, mume wa mama mkubwa, mkulima mzee wa Kirabai aliyesilimu alipomwoa, alitoka nje aliposikia gari. Shikamoo zetu hakuziitika mara moja. Alikuja dirishani kwa mama.

"Umekuja," akamwambia. "Yu hai. Lakini kauli imemkatika tangu alfajiri."

Mama alijaribu kuinuka mwenyewe. "Jana alisema?"

"Jana alisema mpaka magharibi. Alikuwa akiuliza gari."

Nilimbeba mama mikononi mpaka ndani. Alikuwa mwepesi, na nyonga ilimuuma, lakini hakuguta. Nikamweka juu ya mkeka kando ya kitanda cha nduguye. Mama mkubwa alikuwa amekuwa mdogo sana. Macho yalikuwa wazi, yakinitazama mimi, si mama. Nilitaka kutoka, mama akanishika mkono wa shati.

"Kaa. Neno lenyewe lilikuwa juu yako."

Akamshika nduguye mkono. "Dada," akasema, "siku ile uliponiambia nimemuuza mtoto, mimi nilikujibu uchungu wa mwana aujua mzazi. Nilikujibu hivyo mbele ya watu, nami najua kwamba wewe hukujaaliwa. Nami najua kwamba huyu ulimlea wewe nilipokuwa mgonjwa, siwezi kumpa hata ziwa. Nimekuja uniwie radhi."

Hilo ndilo lilikuwa neno. Methali ambayo kila mtu huisema, na mama alikuwa ameitupa kama jiwe. Wala sikujua kwamba mwanzo wa maisha yangu nililelewa pale, juu ya mlima ule. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Tulingoja. Mama mkubwa aliyageuza macho taratibu mpaka yakafika kwa mama, yakakaa hapo. Midomo ilitikisika, au pumzi iliitikisa. Hakukutoka kitu.

"Amenifinya mkono?" mama akaniuliza. "Wewe umeona? Amenifinya?"

Kidole kilikuwa kimesogea, lakini mkono wa mama mwenyewe ulikuwa ukitetemeka.

Baba mkubwa akasema kutoka mlangoni, "Jana alituambia yuko radhi nawe. Tangu zamani."

"Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake." Akasita, na nadhani hakutaka kuliongeza, lakini alikuwa mtu asiyejua kuficha. "Alisema, lakini aje nimwambie mwenyewe."

Mama akatikisa kichwa mara kadhaa, kama anayehesabu. Hakuuacha mkono ule mpaka usiku, na mama mkubwa aliondoka kesho yake kabla ya adhuhuri. Kauli haikurudi.

Mama alibaki kwa matanga. Nilipokwenda kumchukua gari lilipanda mlima vile vile, bila jasho. Wakati wa kushuka tulikuwa peke yetu, yeye amekaa kiti cha mbele safari hii, mto chini ya nyonga. Tulikuwa tumeteremka kidogo aliponiuliza.

"Kama ungetia ile ya betri, Ijumaa tungefika?"

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya jasi, na vijibomba, na lehemu inavyolegea maji yakipata moto. Nilimwonyesha kona ambapo, kwa hesabu yangu, tungekwama. Nilimwambia kwamba tungelala barabarani, na kwamba angefikishwa kwa kitanda kile alichokikataa, au asingefikishwa kabisa. Nilieleza vizuri, pole pole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza vijana wa karakana, na kila neno lilikuwa la kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi," akasema. "Nilitaka kujua tu."

Nimelijibu swali hilo mara nyingi tangu wakati huo, mbele ya mafundi, mbele ya madereva, mara moja mbele ya Mzungu aliyeandika nilichosema. Hakuna aliyeweza kunipinga. Mama naye hakunipinga. Alipandisha kioo kwa sababu ya vumbi, akaegemeza kichwa, tukateremka mpaka Miritini.